Mjomba, kijana niliyemfundisha kazi ndo supavaiza wangu, mimi sina hata cheti kimoja

BARUA

Mjomba shikamoo.

Naomba usitoe jina langu maana wenzangu wa saiti wanasoma hapa. Mimi ni fundi umeme, nina miaka 43, nakaa Mbagala, nina mke na watoto watatu. Shule niliishia darasa la saba mwaka 1996, mzee alikuwa ameshafariki na hela ya kwenda sekondari haikuwepo, nikaletwa Dar kwa baba mdogo ambaye alikuwa fundi, nikaanza kama saidia fundi, kutindua ukuta, kupitisha konduti, kubeba ngazi, malipo hela ya kula tu, mpaka taratibu akaanza kuniachia taa, akaniachia soketi, baadaye akawa ananiachia nyumba nzima. Alishatangulia mbele za haki ila kila ninachokijua nimekipata kwake na kwenye kazi yenyewe. Nimefunga nyumba nyingi sana Mbagala, Kongowe, Toangoma mpaka Kigamboni na sijawahi kusikia nyumba niliyoifunga mimi imeungua.

Sasa mjomba shida zangu ni mbili ila mzizi wake mmoja.

Ya kwanza, mteja akitaka kuvutiwa umeme TANESCO wanataka fomu na mchoro wa wayaringi uwe na muhuri wa mkandarasi mwenye leseni. Mimi leseni sina. Kwa hiyo nafunga nyumba mwanzo mwisho halafu napeleka fomu kwa mtu mwenye muhuri, hajaikanyaga hiyo nyumba, hajui hata iko mtaa gani, anagonga muhuri wake anachukua hela, kuna kazi nyingine anabaki na hela nzuri kuliko mimi niliyelala na vumbi la saruji puani. Na mteja akishajua kwamba muhuri ni wa mtu mwingine anaanza kunishusha bei, kumbe wewe sio fundi kamili.

Ya pili ndo inaninyima usingizi. Kuna kampuni ya ujenzi nafanya nayo kazi mwaka wa nne huu, naitwa kibarua, nalipwa deiwaka 30,000. Miaka miwili iliyopita waliletewa kijana wa chuo kufanya fildi, bosi akanikabidhi mimi nikae naye. Nilimfundisha kwa moyo mmoja, jinsi ya kuvuta waya kwenye konduti yenye kona nyingi bila kuuchubua, jinsi ya kupanga bodi mtu mwingine akija kuifungua aelewe, kila kitu. Kamaliza diploma yake kaajiriwa hapo hapo na sasa ndo supavaiza wa umeme, ana mkataba, mshahara wa mwezi, bima ya afya, na mimi niko chini yake na deiwaka yangu ile ile. Ananiita braza, hana dharau, siwezi kumsingizia.

Mwezi uliopita kwenye apatimenti tunazojenga Kigamboni, ghorofa ya tatu, kila ukiwasha taa za korido RCD, kile kifaa cha kwenye bodi kinachokata umeme ukivuja, inakata. Kijana akabadilisha RCD, ikakata. Akaleta ya kampuni nyingine, ikakata vilevile. Nikaomba nijaribu, nikafungua bodi nikatoa nyutro moja moja nikawa nazipima, nikakuta taa za korido zinachukua laivu kwenye RCD ya taa lakini nyutro yake imeunganishwa kwenye soketi za jikoni ambazo zina RCD yao, yaani aliyefunga alipungukiwa waya akaazima nyutro ya jirani, umeme unatokea huku unarudia kule, RCD inaona kama umevuja. Nikavuta nyutro mpya, kabla ya chakula cha mchana kazi imeisha. Kwenye ripoti ya wiki iliyosomwa mbele ya wenye mradi ikasemwa supavaiza ametatua tatizo la ghorofa ya tatu. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale nimeshika ngazi.

Nikamfuata bosi nikamwomba na mimi niangaliwe. Akaniambia fundi kazi yako naikubali sana, ila nikipeleka jina lako ofisini wataniuliza cheti, nitawaonyesha nini?

Mke wangu anasema nijiandikishe QT, nikifaulu nifanye form four, halafu niende VETA kusomea ufundi. Mjomba kwa umri huu nikakae darasani na watoto wa rika la mwanangu, na ada yake je, na siku nisiyokwenda saiti nyumbani tunakula nini? Mwenzangu mmoja anasema niachane na hayo, kuna jamaa mjini anatoa cheti cha ufundi kwa 250,000, kina muhuri na kila kitu. Na moyoni nafikiria niache tu kampuni nirudi mtaani.

La mwisho, siku hizi kijana akiniuliza kitu namjibu sijui. Sijisikii vizuri nikifanya hivyo ila nasema akatafute kwenye diploma yake. Nakosea?

Fundi wa Mbagala

JIBU

Marahaba mpwa wangu, pole na kazi.

Niseme kwanza kwamba hii barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko unavyodhani, maana nimekaa ofisi za utumishi miaka mingi kabla sijastaafu na watu kama wewe nimewaona wengi, jina lake halipo kwenye orodha ya watumishi ila akikosekana siku mbili kila mtu anaulizia yuko wapi. Inaniuma na sitaki kukuficha kwamba inaniuma.

Cheti cha 250,000 achana nacho kabisa, hata kukijadili msikijadili. Unakumbuka mwaka 2017 ule uhakiki wa vyeti, watumishi wa umma 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi wakaondolewa, wengine walikuwa kazini miaka na miaka na kazi yao walikuwa wanaiweza vizuri tu. Ndo kinachonisikitisha mpaka leo, kuna mtu mule ndani alikuwa na ujuzi wa kweli akaufunika kwa karatasi ya uongo, na siku karatasi ilipogundulika ujuzi nao hakuna aliyeuuliza tena. Wewe leo huna cheti lakini huna doa. Na kwenye umeme ni mbaya zaidi, nyumba ikiungua halafu ikajulikana aliyefunga ana cheti feki, hapo hatuzungumzii tena kazi, tunazungumzia jela.

Sasa la mkeo. Mkeo anakutakia mema na wazo la kusoma ni zuri, ila njia anayokuelekeza ni ndefu bila sababu. QT ni mtihani wa maarifa kwa mtu ambaye anataka kufika kwenye mtihani wa form four akiwa hajapita sekondari ya kawaida. Ukitaka form four kwa ajili yako mwenyewe, nenda, hakuna umri wa kukataza. Lakini kwa shida uliyonayo, cheti cha ufundi wa kazi ambayo tayari unaijua, huhitaji kupita huko.

Kuna kitu kinaitwa urasimishaji wa ujuzi. Kwa kirefu ni kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi wa mafunzo, na wanaofanya ni VETA. Maana yake badala ya kukuuliza ulisoma wapi wanakuuliza unaweza kufanya nini, halafu wanakuambia haya fanya tuone. Ukiweza unapewa cheti, na ule ujuzi unahesabika hata kama uliupata kwa baba mdogo ukiwa umebeba ngazi. Sio jambo la kubuni hapa kwetu tu, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mwaka 2004 Pendekezo namba 195 linalozitaka nchi ziweke utaratibu wa kutambua ujuzi wa mtu bila kujali aliupatia wapi, na hapa VETA walianza na fani kama uashi, useremala, upishi na uhudumu wa hoteli kisha zikaongezeka nyingine, umeme ikiwemo. Pia kuna awamu ambazo serikali inagharamia kupitia Programu ya Taifa ya Kukuza Ujuzi, wanatangaza, watu wanajaza fomu, wanatathminiwa. Tatizo matangazo yanapita na mafundi hawayaoni kwa sababu wako juu ya ngazi, na huyo bosi wako ambaye angeweza kukuambia hajakuambia.

Kwa hiyo cha kufanya ni kwenda mwenyewe. Chang'ombe kwako sio mbali, shuka pale kwenye chuo cha VETA ukaulize mambo matatu, urasimishaji wa fani ya umeme wa majumbani unafunguliwa lini, gharama yake ni kiasi gani kama hakuna awamu ya serikali kwa wakati huo, na wewe kwa uzoefu wako waanze kukupima level gani. Hapo kwenye level usichanganye mambo kama wengi wanavyochanganya. Zamani majaribio ya ufundi yalikuwa Grade, na Grade I ndo ilikuwa ya juu. Siku hizi ni level, na level I ndo ya chini, III ya juu. Nimeona mtu kakataa level II akidhani kashushwa.

Nikueleze inavyokwenda ili usiende na woga. Kuna kujaza taarifa zako na kueleza kazi ulizofanya, hapo wanataka ushahidi. Kuna watu watakaa na wewe wakuulize maswali ya mdomo. Kuna vitendo. Na katikati, kama wameona kuna sehemu umepungukiwa, kuna mafunzo mafupi ya kuziba hilo pengo kabla ya tathmini ya mwisho. Hayo mafunzo sio ya miaka miwili na huwekwi darasa moja na watoto wa form four, unakuwa na mafundi wenzako wenye mikono kama yako.

Ushahidi ndo sehemu ambayo mafundi wengi wanaanguka, kwa sababu kazi yetu ikiisha inafunikwa na plasta. Anza leo. Tafuta kaunta buku, andika kila nyumba unayoikumbuka, mtaa, mwaka kama unaukumbuka, ilikuwa vyumba vingapi, fezi moja au tatu, ulifanya nini. Wapigie wateja wa zamani uwaombe hata karatasi ya mistari mitatu yenye jina na namba ya simu, na kama kuna anayekuruhusu ukapige picha ya bodi uliyoifunga nenda kapige, bodi iliyopangwa vizuri inajieleza. Kazi mpya piga picha kabla ya plasta, konduti zikiwa wazi, halafu baada ya kumaliza. Serikali ya mtaa nao wanaweza kukuandikia barua kwamba wanakufahamu kama fundi wa eneo lile.

Halafu ile kazi ya ghorofa ya tatu, iandike yote. Nataka uelewe ulichokifanya pale, maana umekieleza kama kitu kidogo. Kijana alibadilisha kifaa. Wewe ulijiuliza kwa nini kifaa kinafanya hivyo, ukatenga saketi moja moja, ukapima, ukapata chanzo, ukarekebisha chanzo na sio dalili, ukawasha ukahakikisha. Huo mpangilio wa kufikiri ndo unaotafutwa na mtathmini yeyote, na kuna watu wana makaratasi mengi hawana huo mpangilio. Nina uhakika kabisa kwamba ukikaa mbele ya jopo ukaulizwa nyutro ya kuazima inasababisha nini, utawajibu ukiwa umekunja nne.

Ila mpwa wangu kuna mambo hutayaweza, na hapa nakuomba usikasirike maana nakuambia kama mtu wa nyumbani. Fundi aliyejifunzia mtaani mara nyingi anajua nini kinafanyika lakini hajawahi kuambiwa kwa nini. Utaulizwa kwa nini taa tunapitisha waya wa 1.5 na soketi 2.5 na jiko la umeme tunapanda 4 au 6, ukijibu ndivyo tulivyozoea hiyo haitoshi, inabidi uongelee mzigo, na urefu wa waya, na breka inayoulinda. Utaulizwa erthi umeipimaje, sio umeichimbia kina gani. Na megga, kuwa mkweli, umewahi kuishika? Kile kipimo kinachopeleka volti 500 kwenye waya ili kujua kama nguo ya waya ni nzima kabla hujawasha. Mafundi wengi wa mtaani wanawasha kwanza halafu ndo wanasikilizia. Umesema hujawahi kusikia nyumba yako imeungua na nakuamini, lakini mtu anayepima hangoji kusikia. Pia kusoma na kuchora mchoro wa saketi kwa alama zinazoeleweka na kila mtu, hapo waliosoma wamekuzidi na hakuna aibu kusema wamekuzidi.

Kwa hiyo yale mafunzo ya kuziba pengo usiyachukue kama adhabu ya kupitia ili upewe karatasi. Yachukue. Teknolojia yenyewe haikusubiri mtu, rangi za waya ulizoanza nazo enzi za baba mdogo wako zilikuwa nyekundu na nyeusi, leo madukani ni kahawia na bluu na nyumba nyingine ukifungua bodi unakuta zote mbili zimechanganyika. Sola imeingia, inveta zimeingia, watu wanataka kamera na geti la umeme. Fundi wa miaka 43 ana miaka mingine ishirini ya kazi mbele yake, na ndani ya hiyo ishirini atajifunza upya zaidi ya mara moja akitaka asitake.

Na kama kuna msomaji ambaye hayuko mjini, Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi bado vipo, zaidi ya 50 nchi nzima, vilianzishwa kuanzia 1975 kwa ajili ya watu wazima kabisa. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na kazi ilifanyika kweli, 1967 karibu watu wazima saba kati ya kumi walikuwa hawajui kusoma na kuandika, ilipofika 1986 walibaki pungufu ya mmoja kati ya kumi. Wakulima walikaa chini ya miembe na madaftari na hakuna aliyewacheka. Sijui ni lini tulianza kuona mtu mzima akishika daftari ni mtu aliyechelewa.

Turudi kwenye muhuri. Leseni za kufunga umeme zinatolewa na EWURA, ile mamlaka inayosimamia nishati na maji, ziko kwa madaraja, na madaraja ya chini ni kwa mafundi, hayadai digrii, wanachotaka ni cheti cha ufundi unaotambulika na uzoefu unaoweza kuuonyesha. Maombi yanafanyika mtandaoni kwenye mfumo wao unaoitwa LOIS. Soma masharti ya kila daraja kabla hujalipia chochote, angalia level uliyopata inakuruhusu kuomba daraja gani na daraja hilo linakuruhusu kufunga mzigo wa ukubwa gani, maana ukiwa na leseni ya fezi moja usije ukagonga muhuri kwenye godauni la fezi tatu. Unaona sasa kwa nini nasema anza na VETA, cheti ndo kinafungua mlango wa leseni na leseni ndo inamtoa yule mtu wa muhuri katikati yako na mteja. Na huo mchezo wa muhuri wa kuazima, mpwa, usifikiri ni wewe tu unaumia. Siku nyumba ikipata hitilafu, karatasi zinasema aliyefunga ni mtu mwingine ambaye hajawahi kufika pale, mteja hana wa kumshika. Toka huko mapema iwezekanavyo.

Kuhusu kampuni, usiache sasa hivi. Unahitaji hela ya kula wakati unahangaikia haya, na unahitaji saiti kwa ajili ya ushahidi. Lakini hii ya kuitwa kibarua mwaka wa nne siikubali hata kidogo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi maelezo ya ajira yako, cheo chako nini, kazi zako zipi, malipo kiasi gani, saa ngapi. Wasiohusika ni wale wanaofanya kazi pungufu ya siku sita kwa mwezi, wewe uko pale kila siku. Na mkifikishana mbele ya sheria mwajiri akawa hana hayo maandishi, yeye ndo anabeba mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi, sio wewe. Sikuambii uende ukagombane. Nakuambia umwendee kwa barua fupi ya heshima, uombe maelezo ya kazi yako kwa maandishi, na uandike kazi unazozifanya kweli ikiwemo kufundisha vijana wa fildi na kutafuta hitilafu. Weka nakala nyumbani. Na siku ukija kuondoka, kwa sheria hiyo hiyo una haki ya kupewa cheti cha utumishi, watu wengi wanaondoka kimya kimya wanakiacha, wakati nacho ni ushahidi.

Kwenye barua hiyo hiyo mwombe na kitu kingine, akuruhusu siku za kwenda kufanyiwa tathmini bila kukatwa. Kampuni yenye wafanyakazi kumi na kuendelea inalipa tozo ya kuendeleza ujuzi, ile SDL, na sehemu yake inakwenda VETA, kwa hiyo akikuruhusu uende ukapimwe hakufanyii hisani kubwa kihivyo, ananufaika na kitu ambacho tayari analipia.

Na kama huyo bosi anasoma, au bosi mwingine yeyote mwenye fundi wa namna hii, naomba niseme naye kidogo. "Wataniuliza cheti, nitawaonyesha nini" ni jibu la mtu ambaye amekwishajua thamani ya fundi na ameona ni nafuu ibaki bila jina. Ulimkabidhi mwanafunzi wa chuo amfundishe. Hukumkabidhi kwa mtu usiyemwamini. Waonyeshe ghorofa ya tatu. Waonyeshe kijana aliyetoka mikononi mwake ukampa usupavaiza. Na kama ofisini bado wanataka karatasi basi mlipie tathmini, pengine ni gharama ndogo kuliko zile RCD mbili mlizonunua bure, ukiongeza na muda wa kazi iliyosimama. Nchi hii tumeshawahi kuondoa kazini watu wa darasa la saba, wengine madereva wa miaka mingi, ikabidi mwaka 2018 serikali iagize warudishwe wale walioajiriwa kabla ya Mei 2004, kwa sababu kigezo cha form four kilikuja wao wakiwa tayari kazini. Tujifunze. Kuna kazi zinahitaji cheti kwa usalama wa watu, umeme ni mojawapo na nakubaliana nalo, lakini basi tuwape watu njia ya kukipata, sio kuwalipa deiwaka maisha yao yote kwa sababu hawana.

Limebaki la kijana. Ndiyo, hapo unakosea, na barua yako inaonyesha unajua. Kijana hakukupangia mshahara. Umesema hana dharau, anakuita braza, na pengine hata ile ripoti hakuiandika kwa nia ya kukunyang'anya, ripoti za saiti huwa zinaandikwa kwa vyeo. Mwambie. Kaa naye mkiwa wawili, sio mbele ya vibarua, umwambie ile ya ghorofa ya tatu iliniuma, naomba kazi ninazozifanya ziandikwe kwa jina langu kwenye ripoti. Akiwa mtu wa namna ulivyomweleza atafanya. Na ripoti yenye jina lako, iliyosainiwa na supavaiza mwenye diploma, hiyo nayo inaingia kwenye faili lako la ushahidi.

Halafu umwombe akufundishe megga na michoro. Yeye anayo hayo, wewe unayo mengine, na ukiacha kumjibu sijui mtakuwa mnapeana. Sijui za kwenye umeme zinaweza kuua mtu, siku moja atakuuliza kitu cha hatari kweli na utakuwa umeshazoea kunyamaza.

Mkeo mshirikishe hii mipango, mwambie form four haijafutwa, imewekwa baada ya cheti, hela ikikaa vizuri. Mwanao mkubwa anaweza kukuandikia ile orodha ya nyumba kwenye kaunta buku wewe ukitaja, na ndiye atakusaidia kujaza maombi ya mtandaoni siku ikifika.

Jumatatu ukipata nafasi nenda Chang'ombe na picha zako za kazi, barua ya serikali ya mtaa na kitambulisho cha NIDA. Usiondoke bila kujua awamu ijayo ni lini na mtu wa kumuulizia ni nani. Wakikuzungusha niandikie tena, niambie ulionana na idara gani na walikujibu nini, nitafuatilia.

Mjomba